Sawa si Yuleyule

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana, mwezi wa kwanza, kompyuta iliniambia "ndiyo", nami nikaitangaza ile ndiyo mbele ya watu wazima waliokaa kwenye mkeka, nikapigiwa makofi. Kumbe ilikuwa ndiyo ya uongo. Si kwamba mashine iliharibika, la hasha. Ilijibu barabara swali nililoiuliza. Ubaya ulikuwa kwenye swali.

Mtaani kwetu, huku Temeke, kuna chama cha kufa na kuzikana. Bila shaka na kwenu kipo. Kila mwanachama anatoa mchango wa mwaka, shilingi 15,000, na akifiwa anapewa sanda, turubai, mchele, na gari la kwenda makaburini. Katibu ni mzee mmoja mstaafu, daftari lake la wanachama limeungwa mgongoni kwa plasta ya vidonda. Mhazini naye ana daftari lake la waliolipa. Kila mwanzo wa mwaka wawili hawa hukesha wakilinganisha madaftari, jina kwa jina, kidole hiki huku na kidole kile kule, na taa ikikatika wanawasha mshumaa.

Nikawaonea huruma. Mimi nina cheti cha kidato cha nne, nina riwaya isiyovuka sura ya tatu, na nina kompyuta kuukuu niliyoachiwa na binamu yangu pamoja na kitabu cha lugha ya Java kisicho na jalada. Nikamfuata mzee.

"Shikamoo babu. Kazi hii niachie mimi."

"Marahaba mjukuu wangu. Utaiweza?"

"Babu, hii ni kazi ya dakika mbili."

Ilikuwa kweli. Ilichukua dakika mbili, ukiacha siku tatu za kuchapa majina.

Hebu nieleze nilichofanya, na wewe usiyepata kugusa kompyuta usinikimbie, maana jambo lenyewe ni la kibinadamu kuliko linavyosikika. Java ni lugha ya kuandikia programu iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, na leo iko mikononi mwa Oracle. Ndani yake mambo karibu yote hujengwa kwa vitu: unaunda aina ya kitu, kwa mfano "Mwanachama", kisha unatengeneza vitu vya aina hiyo, kila kimoja na habari zake. Vitu hivyo unaweza kuvitia katika seti. Ni seti ileile tuliyochorewa ubaoni na mwalimu wa hisabati, miduara inayopishana. Haina foleni: ukitia Kulwa kisha Doto, au Doto kisha Kulwa, seti ni moja, ingawa mama yao anajua fika nani alitangulia. Tena haina marudio. Kitu kikishakuwamo hakiingii mara ya pili.

Na seti mbili zinalinganishwaje? Ile ya kwanza humuuliza mwenzake: Je, nawe ni seti? Idadi yako ni sawa na yangu? Kila uliye naye, mimi ninaye? Akijibiwa ndiyo mara tatu, basi sisi ni sawa. Unaona uzuri wake? Hakuna kukesha. Nilimimina daftari la katibu katika seti moja, daftari la mhazini katika nyingine, nikauliza kama ziko sawa. Ndiyo. Maana yake wanachama wote wamelipa. Makofi.

Daftari la katibu lilikuwa na mistari 63. La mhazini, mistari 62. Hesabu hiyo ndogo, ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeifanya, mimi niliifanya mwezi wa nane.

Mtaani kwetu kuna akina mama wawili ambao ni wajina. Jina la kwanza moja, la baba moja, majina ya kawaida sana katika mji huu. Nilitaka kuyaandika hapa nikaona aibu. Mmoja hukaanga samaki barabarani jioni, mwingine huuza maji bombani. Babu, ambaye hajui hata pa kuwashia kompyuta, alikuwa ameandika pembeni mwa jina la kwanza "wa samaki" na pembeni mwa la pili "wa bombani". Wakati nachapa niliyaacha maneno hayo. Nilijiambia nasafisha. Yalinikera macho, hayakuwa na safu yake, yalikuwa kama uchafu wa kalamu. Mimi! Mtu ninayejiita mwandishi, ninayewasema wenzangu kikundini kwamba wahusika wao hawana sura, ndiye niliyefuta maneno mawili pekee ya sura katika daftari zima.

Kilichotokea baada ya hapo ni hiki. Seti ilimpokea wa kwanza. Alipofika wa pili, ikatazama kanuni niliyoipa: jina likiwa sawa, mtu ni sawa. Ikaona yumo tayari, ikamwacha nje. Haikupiga kelele wala haikusimamisha kazi. Ukiongeza kitu kwenye seti, inakupa jibu dogo, "nimekipokea" au "sikukipokea", na mwandishi wa programu ana hiari ya kulisoma au kulipuuza. Mimi sikulisoma. Kwa hiyo watu 63 wakawa 62, mbele ya wengine 62, na mizani ikatulia.

Mwezi wa nane mume wa mama wa bombani akafariki. Mhazini akafungua daftari: jina hilo lina malipo mamoja tu, bila ya kutajwa la samaki au la bombani. Wakaitwa wote wawili. Huyu anasema nililipa, na huyu anasema nililipa. Nami nawajua wote, si watu wa uongo. Inawezekana mmoja alisahau, inawezekana mhazini aliandika mara moja akidhani amerudia. Mungu ndiye ajuaye. Mwezi wa kwanza jambo hili lingekwisha palepale: ulikuja siku gani, ulileta noti gani, nani alikuwa amekaa hapa? Mwezi wa nane hakuna anayekumbuka noti. Ile ndiyo yangu ililizuia swali lisiulizwe wakati lilipokuwa bado na jibu.

Maiti haingoji kikao. Babu alivua kofia, ikapitishwa, watu wakatoa walichonacho, marehemu akazikwa vizuri na wali ukaliwa. Kwa nje huwezi kuona tofauti yoyote. Lakini yule mama alipewa sanda ya mumewe kama msaada, hakupewa kama haki yake. Siku ya tatu nilikwenda kumpa pole, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi si ombaomba. Nililipa." Nilikaa pale kwenye kigoda nikitazama ndoo zake. Sikuwa na la kusema.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri juu ya neno "sawa", na nimeona kwamba Kiswahili kina akili kuliko nilivyokuwa nikikitumia. Tunasema "kitabu kama kile" na tunasema "kitabu kilekile", na hakuna anayechanganya. Ukiniazima shati ukanirudishia jipya la rangi ileile, saizi ileile, nitasema ni sawa, nami nitakuwa najua kwamba lile la marehemu baba limekwenda. Java nayo ina maswali hayo mawili. La kwanza huandikwa kwa alama ya sawasawa mara mbili: je, hivi ni kitu kilekile, mahali palepale katika kumbukumbu ya mashine? La pili huuliza: je, hivi ni sawa? Na hapa ndipo penye jambo. Swali la pili, kwa aina ya kitu ulichokiunda wewe, mashine haina jibu lake yenyewe. Usipoipa kanuni, inachukua kwamba kila kitu ni sawa na chenyewe tu, hakuna mwingine. Naiona hiyo kama adabu nzuri. Ni wewe mwandishi unayekuja na kusema: hapana, hawa wawili wahesabu sawa, kwa sababu hii na hii. Mimi ndiye niliyesema.

Eti hakuna masharti? Yapo, na yameandikwa. Kanuni ya usawa lazima ikubali kwamba kila kitu ni sawa na chenyewe. Nikiwa sawa nawe, nawe uwe sawa nami. Wa kwanza akiwa sawa na wa pili, na wa pili na wa tatu, basi wa kwanza na wa tatu pia. Jibu lisibadilike bila sababu. Nimeipima kanuni yangu kwa masharti hayo yote, moja baada ya moja, usiku ambao sikupata usingizi. Imefaulu yote. Hakuna mwalimu wa mantiki ambaye angeikosoa. Na mjane bado alichangiwa kwa kofia.

Mjerumani Leibniz, aliyefariki mwaka 1716, alishikilia kwamba hakuna vitu viwili vinavyofanana kwa kila hali; vikifanana kabisa kabisa, basi ni kimoja. Amesimulia mwenyewe jinsi muungwana mmoja alivyobishia jambo hilo katika bustani ya Herrenhausen, akazunguka akitafuta majani mawili yasiyo na tofauti, asiyapate. Napenda sana picha ya bwana yule akiinama na kuchungulia majani. Alikuwa anafanya kazi ambayo mimi sikuifanya. Maana mimi nilichukua sifa moja, jina, nikaamua hiyo inatosha, nikageuza sentensi ya Leibniz kichwa chini: wamefanana kwa jina, basi ni mmoja.

Na kosa la upande wa pili lipo pia. Gottlob Frege, mwaka 1892, aliandika juu ya nyota ya asubuhi na nyota ya jioni, majina mawili ya sayari moja, Zuhura. Katika daftari la mhazini nilikuta mama mmoja kaandikwa kwa jina lake, na mwaka uliotangulia kwa jina la mwanawe wa kwanza. Huyo tulimcheka tu, likaisha.

Sisi Watanzania tumekulia katika neno hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 linaanza na imani ya TANU, na imani hiyo inaanza na usawa wa binadamu wote. Nilijiuliza kama kosa langu lina ukoo na imani ile. Sidhani. Kusema wote ni sawa ni kusema kila mmoja ahesabiwe. Katika seti ni kinyume: wawili wakishakuwa sawa, mmoja anafutwa. Ofisini, hospitalini, kwenye foleni ya cheti, nimesikia mara nyingi watu wakiambiwa "nyote mko sawa", na sasa kila nikisikia huwa najiuliza ni usawa wa aina gani, ule wa kuhesabiwa au ule wa kufutwa.

Pana jambo jingine ambalo seti haioni. Ernst Zermelo alipoweka misingi ya nadharia ya seti mwaka 1908 alisema seti haina kitu kingine zaidi ya waliomo. Waliomo wakiwa walewale, seti ni ileile. Kwa hisabati sawa. Lakini sisi vijana kumi na mmoja tunaocheza mpira jioni ndio haohao tunaocheza upatu wa kila wiki. Kwa kanuni ya Zermelo timu na upatu ni kitu kimoja. Haya, jaribu kumkosesha mtu zamu yake ya upatu kwa sababu jana alikosa penalti, uone.

Baada ya msiba nilitaka kutengeneza kosa. Nikasema jina si kitu, tutatumia namba ya simu. Nikajiona mjanja mpaka nilipomfikia bibi mmoja ambaye simu yake ni ya mjukuu wake, na mjukuu naye ni mwanachama. Namba moja, watu wawili, kofia ileile ingepitishwa tena. Baadaye nikasoma kwamba hata waundaji wa Java walijikwaa hapohapo. Ile aina yao ya kitu inayobeba anwani ya mtandao huhesabu anwani mbili kuwa sawa ikiwa, pamoja na mengine kulingana, majina ya kompyuta zake mbili yanaelekeza kwenye namba moja ya mtandao. Lakini wenye tovuti mbalimbali hupanga katika mashine moja, kama wapangaji wa nyumba ya vyumba sita, Temeke hii. Wanaitwa sawa kwa sababu mlango wa mbele ni mmoja. Zaidi ya hapo, mtandao ukikatika jibu linaweza kuwa jingine! Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana ile namba ya bibi ilikuwa bado mbele yangu.

Kuna pia habari ya fedha, nitaipita upesi: katika aina ya namba wanayoshauriwa watu kuhesabia pesa, 2.0 na 2.00 si sawa, mpaka uulize kwa njia nyingine. Mweleze mhazini hilo akuelewe.

Lililonishika zaidi, kama mtu anayetaka kuandika riwaya, ni habari ya kitu kinachobadilika kikiwa ndani ya seti. Seti nyingi hazitafuti kwa kupekua kila kitu. Huchukua habari za kitu, zikapiga hesabu, zikapata namba ya kapu, zikaenda kwenye kapu hilo tu. Sasa tia mtu katika seti, kisha badilisha habari zake. Ukimtafuta, hesabu inatoa kapu jingine. Seti inatazama humo, haimwoni, inakwambia hayumo. Naye yumo, amekaa palepale ulipomweka. Zaidi ya hapo, tengeneza nakala ya seti hiyo. Nakala itampanga upya kwa hali yake ya sasa. Iulize seti ya asili kama iko sawa na nakala, itasema hapana. Ligeuze swali, iulize nakala kama iko sawa na ya asili, itasema ndiyo. Sharti la pili limevunjika: mmoja anamtambua mwenzake, mwenzake hamtambui. Ya asili ukiiuliza kama iko sawa na yenyewe tu, inasema ndiyo haraka, kwa sababu haisumbuki hata kuangalia ndani.

Mtaani tunaye kijana aliyeondoka mlevi akarudi hanywi. Kila kitu kikipotea tunakwenda kumtafuta kwenye kapu la zamani. Yeye anatutambua wote, anatuamkia kwa majina. Ndiye mhusika wa riwaya yangu, na sasa najua kwa nini sura ya tatu imenishinda: nami nilikuwa nikimtafuta kwenye kapu la sura ya kwanza.

Rafiki yangu wa kikundini, msomi wa hesabu, aliposikia haya yote akaniambia, "We bwana unapiga falsafa bure. Mpe kila mwanachama namba yake, moja hadi 63, mchezo umekwisha." Ana haki, na nimefanya hivyo. Lakini angalia nani aliyezigawa zile namba. Nilikaa na babu, yeye akisoma, mimi nikichapa. Alipofika mstari wa 17 akasema huyu wa samaki. Alipofika mstari wa 41 akasema huyu wa bombani, mwingine kabisa, mrefu, kwao Kilwa. Namba ilikuja baada ya babu kuwajua. Kompyuta isingeweza kugawa namba kwa watu wawili kama ilikuwa imeambiwa ni mtu mmoja.

Mwezi wa kwanza mwaka huu tulikaa tena kwenye mkeka uleule. Sikutangaza sawa wala si sawa. Nilisoma mistari 63, mmoja mmoja, pamoja na maneno ya pembeni, na kila aliyesomwa akaitika. Ilichukua karibu saa nzima na watoto wakalala. Mama wa bombani alipofikiwa alisimama, akafungua fundo la khanga, akahesabu noti mkononi mwa mhazini, halafu akaja nilipokaa, akainama akitazama kioo cha kompyuta ingawa hasomi vizuri.

"Umeandika la bombani?"

"Nimeandika mama."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha kwa kidole. Nyuma yake wajina wake alikuwa ameshasimama, na noti zake mkononi, akingojea kuonyeshwa la samaki.